Paati na Gramu Thelathini na Nane

Noida, 2 Agosti 2011

Dada Basanti,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko juu, wewe na mama yetu Ija, na kwamba mvua haijaimeza tena barabara ya Kalamuni. Sisi huku tunaoga jasho. Mke wangu Rachna hajambo, anakusalimu. Mwanetu Mithu ametimiza miaka minne na anamwambia kila mgeni kwamba bibi yake ana mlima mlangoni. Mwambie Ija maharage yake yalifika. Nusu aliyala jirani kwa kisingizio cha kuonja.

Najua utasema simu ipo. Ipo, lakini mama yetu hawezi kupanda hadi kwenye lile jabali mnakopatia mtandao, na barua anapenda umsomee mara mbili. Basi msomee na hapa ninapojisifu.

Tumekimaliza, dada. Tumekiita Paati, kama ule ubao tuliokuwa tukiupaka masizi na kuuandikia kwa chokaa darasa la kwanza. Ni kishikwambi cha kuperuzi mtandao, basi. Hakipigi picha za maana, hakina mbwembwe. Unakiwasha, unaandika unachotafuta, unasoma. Bei yake rupia elfu tatu. Kampuni kubwa za ng'ambo zinauza vyao kwa mara kumi ya hapo, na hazijui kwamba watu kama sisi wapo.

Kila mtu hapa Noida anatucheka. Wanasema wakubwa wakigeuka tu upande wa kulala, watatulalia. Bosi wetu, Bwana Sabharwal, anasema waache wacheke, sisi hatugombei meza yao, tunawauzia waliosimama nje. Mimi ndiye mkuu wa upimaji. Hakuna Paati inayotoka kiwandani bila sahihi yangu kwenye karatasi za toleo lake.

Ninakuletea arobaini kwa ajili ya shule yako, majaribio, bure. Cha arobaini na moja ni cha Ija. Nimekijaza picha za Mithu.

Mdogo wako,
Trilok


Ralgaon, juu ya Munsiyari, 11 Septemba 2011

Trilok, mdogo wangu,

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa dume, Ija amenuna siku mbili, alitaka jike. Zulia la harusi ya binti wa Dharamsaktu karibu anamaliza. Mguu wake unauma asubuhi, lakini mikono bado ni ya msichana, wenzake wanamwonea wivu.

Maboksi yako yalifika juu ya jeep, chini ya magunia ya vitunguu. Nilitaka kukuandikia maneno makali kuhusu mijini na vifaa vyake. Nimeshindwa. Unamkumbuka Hansi, mtoto wa mchunga kondoo, yule asiyesema? Alikaa na Paati juu ya jabali saa nzima akisubiri ukurasa mmoja ufunguke. Aliporudi akaniambia, "Mwalimu, huu mto wetu unabadilisha jina mara nne kabla haujafika baharini." Miaka miwili nimemfundisha, sijawahi kusikia sentensi ndefu hivyo kutoka kwake. Vitabu tulivyoomba mwaka juzi mpaka leo havijafika. Hiki kimefika.

Ija anatazama picha za Mithu huku akifuma. Anakiweka juu ya kapu la sufu, anaongea nacho. Jana alikiuliza kama kimekula.

Swali langu moja. Kama kitu hiki ni kizuri na bei ni hiyo, wakubwa watakaa tu wakiwatazama?

Dada yako,
Basanti


Noida, 9 Oktoba 2011

Dada,

Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini. Ile ya Hansi, Bwana Sabharwal aliomba nirudie, akafuta miwani.

Huku wote wazima. Mithu ana kikohozi cha vumbi, kitaisha.

Umeuliza kama watakaa tu. Hawakukaa. Wiki iliyopita mmoja wa wakubwa alitangaza kishikwambi cha rupia elfu tano, kitatoka mwaka mpya. Kioo kizuri kuliko chetu, na jina ambalo kila mtu analijua. Siku hiyohiyo wenye maduka watatu walipiga simu kusema watasubiri kwanza. Bwana Sabharwal alituita wote. Akasema, "Tukibaki elfu tatu tumekufa. Tukishuka hadi elfu mbili, wao hawawezi kutufuata huko. Nitafutieni hiyo elfu moja ndani ya Paati." Tumeitafuta. Tumeipata.

Kwa hiyo vile arobaini vya zamani pamoja na cha Ija virudisheni kwa jeep hiyohiyo inayoleta hivi vipya. Magazeti yatakuja kupiga picha shule zetu za majaribio, na lazima watoto waonekane na toleo jipya. Ni kile kile, dada. Chepesi zaidi. Cha Ija nimekijaza tena picha za Mithu.

Nina haraka. Msalimie Ija.

Trilok


Ralgaon, 20 Novemba 2011

Trilok,

Tunaendelea vizuri. Theluji ya kwanza imeanguka juu ya vilele vya Panchachuli, na kwenye paa letu kidogo. Ija amekula mkate wa ulezi na siagi na anasema Noida hamjui kula. Zulia la harusi ameshalitoa, ameanza jingine.

Wapiga picha walikuja. Walimtaka Hansi acheke, akagoma.

Uliandika kwamba ni kile kile. Mimi ni mwalimu wa hesabu, umesahau. Kimoja cha zamani nilichelewa kukirudisha, kilikuwa kwa mtoto mgonjwa. Nilivipeleka vyote viwili dukani kwa Martolia, kwenye mizani yake ya maharage. Kipya kimepungua gramu thelathini na nane. Martolia akaniuliza, "Mwalimu, unauza kwa kilo?" Nilicheka, lakini njiani sikucheka.

Mmetoa nini?

Nakuuliza kwa sababu kimoja kimevimba mgongoni. Kilianza kama kipele, sasa kimefura kama mkate wa puri kwenye mafuta, na kioo kimeachana na fremu. Nimekiweka nje, ndani ya debe. Kingine kinapata moto kwenye chaja mpaka mtoto hawezi kukishika. Nilipiga simu kutoka jabalini mara tatu. Rachna alisema uko mkutanoni, mara zote tatu.

Jibu hilo swali moja tu. Mengine yanaweza kusubiri.

Basanti


Noida, 18 Desemba 2011

Dada mpendwa,

Baridi imeingia mpaka huku, na ukungu hata majengo ya jirani hayaonekani. Mithu amepona. Rachna amempata mwalimu wa muziki. Nimemnunulia Ija soksi nzito, nitazituma barabara ikifunguka.

Habari ni nzuri mno. Tumeuza Paati elfu kumi na moja ndani ya wiki saba. Wilaya mbili za tambarare zimechukua kwa ajili ya shule zao. Gazeti moja limeandika kwamba mdogo amemshika mkubwa sharubu. Yule mkubwa ameahirisha cha kwake hadi Aprili, na Bwana Sabharwal ametugawia peremende ofisi nzima. Watu wanaotupita kwenye lifti sasa wanatusalimia. Nisingependa uone namna ninavyotembea, ungenicheka.

Hapa mezani nina maombi kutoka kwa mwalimu mmoja wa Bihar. Ana watoto mia na kumi na chumba kimoja. Ameandika kwa mkono, kurasa tatu.

Ninakuombea afya.

Trilok

Nimesahau. Waambie watoto wasikichaji kikiwa kimefunikwa na blanketi. Wala wasilale nacho.


Ralgaon, 29 Januari 2012

Trilok,

Barua yako ilikaa posta ya Thal siku ishirini na tisa kwa ajili ya theluji. Ulichokisahau mpaka chini ya sahihi kimenifikia jana.

Nimevikusanya vyote, kabla ya barua yako. Viko kwenye kibanda cha mawe kisicho na paa, mbali na nyumba. Wazazi wamenikasirikia. Baba yake Hansi alikuja na theluji mpaka magotini akaniambia, "Umempa binti yangu macho, sasa unamfumba." Nikamkaribisha akaushe miguu; kitu chenyewe kimeundwa na ndugu yangu.

Kimoja kimeungua, siku mbili baada ya sherehe ya Uttarayani ya katikati ya mwezi huu, mchana kweupe. Mabaki yake ninayo.

Ija anakusalimu. Hajafuma tangu wakati huo. Ni baridi.

Basanti


Noida, 20 Februari 2012

Kwa Mwalimu Basanti Pangtey,

Kampuni inashukuru kwa taarifa yako. Vishikwambi vyote vilivyoko shuleni kwako, pamoja na mabaki ya kile kilichoungua, vitachukuliwa na mwakilishi wetu, Bwana Nagpal, mara barabara itakapofunguka. Tafadhali mkabidhi vyote na utie sahihi fomu atakayokuja nayo, inayoeleza kuwa kifaa kiliwekwa karibu na jiko la makaa. Usizungumze na mtu mwingine kuhusu jambo hili.

Trilok S. Pangtey
Mkuu wa Upimaji


Ralgaon, 15 Machi 2012

Trilok,

Barua yako iliyopigwa kwa mashine imefika. Nimemsomea Ija. Nilipomaliza akaniuliza, "Mbona hajaniuliza hali?" Nikamwambia labda karatasi iliisha. Akasema, "Huyo hakuandika yeye. Kuna mtu alisimama nyuma yake." Ndivyo mama yako anavyokutetea.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Kilichoungua ni cha Ija.

Hakukuwa na jiko la makaa karibu, lilikuwa uani, nalipuliza mimi. Yeye alikuwa anafuma. Paati ilikuwa kwenye chaja, juu ya kapu la sufu, mahali pake pa siku zote. Nilisikia mlio kama wa chungu kinachopasuka, halafu moshi mweupe ukatoka mlangoni. Kapu lilikuwa linawaka. Ija hakukimbia. Aliona picha ya Mithu bado iko kwenye kioo, akaingiza mkono kukitoa. Trilok, alifikiri anamtoa mtoto kwenye moto. Baadaye alicheka mwenyewe na kusema amezeeka, lakini wakati ule alikuwa anaita jina lake.

Ni mkono wa kulia. Vidole vitatu vimeshikana. Daktari wa Munsiyari anasema vingine vitakunjuka, hivyo vitatu hapana. Tulimteremsha kwa machela, mwendo wa saa tano kwenye theluji.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Ya kwanza, Ija alinikataza, alisema utaacha kazi. Ya pili ni yangu, na naona haya. Nilitaka Paati ishinde. Nilifikiri nikinyamaza mtarekebisha, na Hansi atarudishiwa chake, na wale wakubwa hawatapata la kusema. Wiki sita nimeamka nalo hilo.

Bwana wenu Nagpal alikuja Jumatatu. Kijana nadhifu, viatu vya mjini vimelowa theluji. Alileta boksi la peremende. Akaniambia, "Mama, ni utaratibu tu. Weka sahihi hapa, kifaa kilikuwa karibu na moto."

Ija alikuwa amekaa dirishani. Akasema, "Mwanangu, njoo uniamkie." Akamnyooshea ule mkono. Nagpal aliushika kabla hajautazama. Alipoutazama hakujua auachie vipi.

"Nani mwingine ameungua?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa usambazaji tu, mama."

"Wangapi?"

Akasema tu, "Mmoja hajapona," akainuka, na fomu akaisahau kwenye mkeka. Sijaitia sahihi. Mabaki sikumpa, na hawatayapata.

Mmoja hajapona maana yake nini, Trilok? Na mara ya pili nakuuliza: mmetoa nini?

Basanti


Haldwani, 8 Aprili 2012

Dada,

Sijui nianze vipi salamu. Msujudie Ija kwa niaba yangu. Shika miguu yake, si mimi ninayestahili kuishika kwa sasa.

Tulitoa kibao kidogo cha ulinzi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kukata umeme betri ikijaa au ikipata joto. Na tulibadilisha betri yenyewe, tukachukua zile ambazo viwanda vingine vilizikataa. Huko ndiko ile rupia elfu moja ilikokuwa. Gramu zako zilikuwa sahihi.

Niliweka hamsini kwenye tanuri la majaribio. Vitatu vilivimba, na kimoja kati ya hivyo kikatoa moshi. Nilimpelekea Bwana Sabharwal. Hakunigombeza. Alisema kwa upole, "Vitatu kati ya hamsini? Basi arobaini na saba wamefaulu. Shule gani inafaulisha hivyo?" Kisha akaniuliza kama nataka wale wakubwa wawe wao tu mpaka wajukuu zetu. Nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza, jibu lilikuwa ni jina langu.

Barua ya mashine, Ija ameisoma vizuri kuliko wewe. Nilikuwa nimempelekea Sabharwal barua yako ya Januari nikidhani atasimamisha mauzo. Alikaa kwenye kiti changu akasema maneno, nikayapiga. Lakini vidole vilikuwa vyangu.

Mmoja hajapona ni mvulana wa Bihar, wa yule mwalimu wa kurasa tatu. Alilala nacho. Alifariki tarehe kumi na moja Machi, Nagpal akiwa njiani kuja kwenu. Alikuwa anaitwa Sonu, miaka tisa. Niliambiwa nisilitaje hilo jina. Nalitaja.

Nilipopata barua yako nilichukua karatasi zote za majaribio nikazipeleka kwa wakaguzi wa serikali, na nakala kwa gazeti. Sasa kiwanda kimefungwa. Sabharwal hajulikani alipo. Nimeitwa kuhojiwa mara mbili, na nitaitwa tena, huenda safari hiyo nisirudi nyumbani. Rachna amempeleka Mithu kwa wazazi wake. Hajasema kwa muda gani.

Yule mkubwa ametoa kishikwambi chake wiki hii. Elfu sita, si tano tena. Hana wa kushindana naye, kwa nini ashuke? Watu mtandaoni wanaandika kwamba vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Hilo linaniuma, kwa sababu vile arobaini vya kwanza vilikuwa vizuri, dada, vilikuwa vizuri kabisa, na tungeweza kuendelea kuuza vile, pole pole, tukabaki wadogo. Hakuna aliyetaka kubaki mdogo. Hata mimi.

Vilitoka zaidi ya elfu kumi na moja. Vilivyorudishwa ghalani ni elfu nne na kidogo. Nipo Haldwani kwa mkaguzi. Nikiruhusiwa, nitapanda kuja.

Trilok


Ralgaon, 23 Mei 2012

Mdogo wangu Trilok,

Ija amepokea salamu zako akalia, kisha akataka chai. Amejifunza kusokota sufu kwa mkono wa kushoto. Nyuzi zinatoka nene na fupi, anazitukana. Anasema uje ule, mengine mtazungumza. Mimi bado sijafika huko alikofika yeye, nakuambia ukweli. Lakini njoo, na usingoje ruhusa ya kila mtu.

Jana nilikuwa Thal kununua chaki. Siku ya gulio. Karibu na stendi ya jeep kulikuwa na mtu amepanga meza, watu wamemzunguka.

"Mwalimu, kishikwambi? Elfu moja na mia mbili, bei ya mwisho hiyo."

"Kinaitwaje?"

"Jyoti. Kipya, kutoka Delhi."

Nilikishika mkononi. Nilikwangua stika kwa ukucha mpaka ikanyanyuka, chini yake kuna herufi zenu. Nikamuuliza kavitoa wapi. Akasema mnadani, ghala la kiwanda kilichofungwa, vilikuwa vinauzwa kama chuma chakavu kwa kilo.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Hivi vinaungua. Vimeua mtoto."

Muuzaji akacheka. "Hata mkate unaungua, mwalimu. Utaacha kula?" Watu wakacheka naye.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, fundi mawe, mikono imejaa vumbi. Alikuwa anamnunulia binti yake, aliyefaulu darasa la nane. Nilimvuta pembeni. Nilimweleza habari ya Ija, na betri, na wewe, kwamba ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyekitengeneza. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akaniuliza, "Wamekulipa ngapi, hao wenye vya elfu sita?"

Nikamwambia hakuna aliyenilipa.

Akasema, "Kila kitu tunachokiweza sisi, anatokea mtu kutuambia ni kibaya."

Hayo maneno ningeweza kuyasema mimi mwezi wa tisa mwaka jana. Alilipa, akakitia ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga vifungo kisianguke, akapanda jeep.

Niliwauliza madereva. Anakaa Tejam, jina lake Puran, nyumba iko juu ya kinu cha maji. Kesho nafunga shule, nakwenda kumtafuta. Wewe ukifika Thal usipande moja kwa moja, baki gulioni uwaambie watu, wewe uliyetia sahihi. Muuzaji atakuwepo tena Jumanne, na maboksi yake manne alikuwa bado hajayafungua.

Dada yako,
Basanti